Kuhama Tabata hadi Njombe kwa Fuso ya Viazi

Tumehamia Njombe kutoka Tabata, Dar es Salaam. Mke wangu ni muuguzi; barua yake ya uhamisho ilitoka mwezi wa nne, tukaona tusubiri shule zifungwe Juni ndipo tuondoke. Waliopaswa kuhama ni sisi wawili, watoto wawili wa shule ya msingi, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua, pamoja na vyombo vyote ambavyo familia hukusanya ikikaa nyumba moja muda mrefu. Nimeandika haya baada ya kutulia, kutoka kwenye daftari la matumizi na picha za simu, kwa ajili ya yeyote ambaye barua kama ile imemfikia na sasa anakosa usingizi.

Jambo moja tuliliamua mapema na sitachoka kulisema: mizigo itangulie, watu wafuate. Mimi nitakwenda na gari. Mke wangu, mama na watoto watabaki kwa mama mdogo Kinyerezi, hukohuko Dar, hadi niwapigie simu kwamba vitanda vimefungwa na maji yanatoka. Ndugu kadhaa walitushauri tupande basi siku ileile gari linapoondoka ili tufike pamoja. Tulikataa, na kila kilichotokea njiani kilinifanya nishukuru.

Mei: gari, mafurushi na nyumba

Tulianza na gari. Madalali walitutajia kati ya shilingi 1,900,000 na 2,200,000 kwa lori la Fuso kutoka Dar hadi Njombe. Bei ile ina maana yake: unalipia gari kwenda, na unalipia lirudi tupu. Shemeji yangu anayeuza viazi soko la Ilala ndiye aliyetufungua macho. "Magari ya Njombe yanashusha viazi hapa kila usiku," akasema, "unadhani yanarudi na nini?" Yanarudi na sabuni, ndoo, mabati, na mara nyingi yanarudi nusu tupu. Akanikutanisha na dereva mmoja, mtu mzima mwenye maneno machache, anayefanya njia hiyo kila wiki. Tulipatana 950,000, kwa sharti kwamba mbele ya bodi kutakuwa na katoni za sabuni za mwenye duka wa Makambako. Nusu nililipa siku ya kupakia, nusu baada ya kushusha, na tukaandikiana kwenye karatasi mbele ya shemeji. Nilipiga picha leseni yake na namba ya gari.

Kama unahamia eneo linaloleta mazao Dar, yaani Mbeya, Iringa, Lushoto, popote pale, nenda sokoni kabla hujaenda kwa dalali. Fika saa za alfajiri wakati magari yanashusha. Mtafute mfanyabiashara anayemjua dereva kwa miaka, maana huyo ndiye dhamana yako. Ukipatana, andikeni kwamba hakuna mzigo wa mtu mwingine utakaowekwa juu ya vyombo vyako.

Kufunga vitu tulikufanya kidogokidogo kila jioni. Kila chumba tulikipa utepe wa rangi yake: nyekundu chumba cha mama, bluu cha watoto, njano jiko, kijani chetu. Nguo zilikwenda kwenye mabegi ya shangazi kaja, vyombo vya chuma kwenye viroba vya salfeti, vya udongo na glasi kwenye maboksi. Hatukununua karatasi za kufungia. Kila sahani ilivikwa khanga au foronya, na kila sufuria ikajazwa soksi. Kila kitanda nilikipiga picha kabla ya kukifungua. Nati na bolti zake zikaingia kwenye chupa tupu ya maji, na chupa ikafungwa kwa waya kwenye ubavu wa kitanda chenyewe. Televisheni nayo ilisafiri wima katikati ya magodoro mawili.

Vingine tuliviuza. Feni hazina kazi Njombe, na friza la barafu tulilokuwa tukifanyia biashara ndogo lingetumaliza kwa uzito. Vilituletea 410,000. Mama hakutaka kusikia habari ya kuacha kinu chake cha mvule. Mke wangu alisema neno moja tu, "kiende," na kikaenda. Naamini mzee anayehamishwa akiwa na umri ule asibishaniwe kuhusu vitu vyake. Kinu kinachukua nafasi ya ndoo mbili, na yeye anaacha majirani, kanisa, kwaya, na mwembe alioupanda mwenyewe.

Nyumba tuliipata kupitia muuguzi mwenzake mke wangu aliyeko kule. Alituzungushia simu chumba kwa chumba, kisha tukamwomba apime milango kwa futi. Mlango wa mbele ulikuwa sentimita 80. Kabati letu la nguo halikuweza kupita, basi fundi akalifungua vipande kabla halijatoka Tabata. Mambo mengine mawili tuliyadai kabla ya kulipa kodi: namba ya mita ya umeme ya LUKU, na risiti ya bili ya mwisho ya maji. Ukinunua umeme wa 2,000 kwa simu kwenye mita ya nyumba usiyoijua, risiti itakuonyesha kama kuna deni linalokatwa. Mita yetu ilikuwa safi, kilichokatwa ni kodi ya jengo tu, ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia LUKU. Hiyo unapatana na mwenye nyumba. Bili ya maji ilikuwa na deni la mpangaji aliyetoka, na mwenye nyumba alililipa kabla hatujahamia. Tungelikuta deni hilo tukiwa tayari ndani, na mizigo ikiwa mlangoni, sidhani kama lingelipwa upesi namna ile.

Jingine ni barua ya serikali ya mtaa. Nenda kwa mjumbe wako, kisha ofisi ya mtaa, uandikiwe kwamba fulani anahama na vyombo vyake kwenda mahali fulani, kwa gari namba fulani. Gari lililojaa makochi na friji usiku barabarani huulizwa, na ni haki liulizwe. Barua hiyohiyo utaihitaji unakokwenda.

Alhamisi, 12 Juni: Tabata hadi Morogoro

Fuso ilifika saa moja asubuhi, ingali na harufu ya udongo wa viazi. Dereva na utingo wake walifagia bodi, wakatandika maboksi yaliyopasuliwa, kisha dereva akapanda juu na kuanza kuamrisha. Nilikuwa nimepanga kichwani namna ya kupakia; nikanyamaza, maana mtu aliyepakia lumbesa miaka yote ile hahitaji kufundishwa uzito ukae wapi. Nyuma tu ya katoni za sabuni ziliwekwa friji na vipande vya kabati. Friji ilisimama wima, imefungwa kamba ubavuni. Zikafuata mbao za vitanda, meza, makochi yaliyobebeshana, viroba kwenye mianya, na magodoro juu. Vijana wanne wa mtaani walibeba kwa 50,000.

Furushi moja lilipakiwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa bodi. Tuliliita furushi la usiku wa kwanza: shuka na mablanketi ya kila kitanda, jiko la gesi la plate mbili, sufuria, vikombe, unga, sukari, majani ya chai, taa ya kuchaji, bisibisi, spana, nyundo, karatasi za chooni, na dawa za mama. Likiingia mwisho, litatoka kwanza. Mtungi wa gesi ulikuwa pembeni yake, wima, valvu imefungwa na regulata imetolewa. Kabla hujaubeba mtungi, uliza kama wakala wa kampuni yake yupo unakohamia, maana mitungi hubadilishwa kwa aina yake.

Jirani wa kulia alileta chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha kwa watu wote, makuli kwa dereva. Hakutaka tuoshe vikombe. "Leo ninyi ni wageni wangu," alimwambia mke wangu, na wote wawili wakaanza kulia pale mlangoni.

Turubai lilifungwa saa nane mchana. Utingo alivuta kamba ya manila akiwa amekanyaga ubao wa bodi kwa mguu mmoja, akaizungusha kwenye ndoano, akaikaza hadi turubai likalia, kisha akarudia ndoano inayofuata, na inayofuata, bila kusema kitu. Nikampiga picha. Mke wangu alibaki kudeki na kukabidhi funguo.

Foleni ya Ubungo hadi Kibaha nairuka. Mizani ya Vigwaza tulipita bila tatizo, vyombo vya nyumbani hujaza gari kabla ya kulijaza uzito. Baada ya Chalinze askari wa barabarani alitusimamisha, akamulika turubai, akasoma barua ya mtaa hadi mwisho. "Njombe? Mna makoti?" akauliza, akaturuhusu.

Tuliingia Morogoro saa nne usiku. Dereva hakutaka kuendelea, kwa sababu mbele kuna Mikumi na yeye haipiti usiku kama hajalazimika. Chumba cha gesti karibu na stendi ya Msamvu kilikuwa 20,000. Utingo alilala juu ya mzigo, na nilimwachia blanketi moja.

Ijumaa, 13 Juni: Mikumi na Kitonga

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Barabara inakata hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50, na kuna mabango yanayoorodhesha faini ya kila mnyama utakayemgonga. Tulikuta tembo wakivuka, wakubwa watatu na mtoto katikati. Dereva alizima injini, na magari yote nyuma yetu yakatulia. Nilirekodi kwa ajili ya watoto, na wameitazama video hiyo hadi naijua kila sauti yake.

Chakula cha mchana kilikuwa Ruaha Mbuyuni: wali, maharage na kipande cha kuku kwa 6,000. Vitunguu vya pale huuzwa kwenye nyavu nyekundu kandokando ya barabara, nikanunua wavu mmoja kwa 8,000. Usinunue nyanya ukiwa na safari ndefu mbele, zitaharibu nguo zako.

Saa tisa alasiri tulifika chini ya mlima Kitonga na safu ya magari ilikuwa imesimama. Lori lenye tela lilikuwa limekwama kwenye kona juu huko, limelala upande wake wa barabara na nusu ya upande wa pili. Hakuna kupanda, hakuna kushuka. Mabasi yalikuwa yamejaa watu wenye watoto wadogo, na abiria walianza kushuka wakitafuta maji, kivuli, mahali pa kujisaidia. Nilimwona mama mmoja mzee, umri wa mama yangu, ameketi juu ya jiwe akijikanda goti. Wakati huo mama yangu alikuwa Kinyerezi kwenye kochi. Nilimpigia simu kumsalimu tu, sikumweleza nilipo.

Tulikaa pale hadi saa mbili usiku. Mbele yetu kulikuwa na dereva wa lori la Tunduma, mtu wa makamo, ambaye alifungua sanduku la chuma chini ya tela lake na kutoa jiko la mkaa, sufuria, unga, na dagaa waliofungwa kwenye gazeti. Alipika ugali pale barabarani kama aliye nyumbani kwake, akaukata, akaniita: "Kaka mwenye makochi, njoo tule, huku juu baridi haina huruma." Tulikula watu sita kwenye sufuria moja. Nilichangia vitunguu vyangu vya Ruaha. Alisema njia hii anaijua kwa miaka mingi na bado Kitonga humpangia yenyewe atafika Iringa saa ngapi. Hakupokea hela niliyompa. Alisema nimpe dereva mwingine siku nyingine.

Kwa anayepita hapo na familia: beba maji ya kutosha kabla ya kuanza kupanda, chakula kisichohitaji kupashwa, na sweta mkononi, siyo ndani ya buti la basi. Kibaridi cha pale jioni si cha Dar.

Lori lilipovutwa, tulipanda kwa gia ya chini, taa za magari ya mbele zikikata kona juu ya vichwa vyetu. Tulilala Ilula. Chumba 15,000, maji ya moto kwenye ndoo.

Jumamosi, 14 Juni: Ilula hadi Njombe

Iringa tuliipita chini kwa chini, Ipogolo, bila kupanda mjini. Mizani ya Wenda ikatuchukua dakika kumi. Kutoka hapo hadi Mafinga ni mwendo mzuri, kisha unaingia misonobari ya Sao Hill ambayo haiishi haraka. Mafinga tulipata supu ya ng'ombe na chapati mbili kwa 4,500, na kwa mara ya kwanza nilivaa koti mchana.

Makambako tulishusha sabuni. Mwenye duka alikagua katoni moja moja, na sisi tukasubiri saa nzima. Ni sehemu ya bei tuliyopatana, sina la kulalamika. Kama una mzigo mdogo zaidi ya wetu, ulizia pia reli ya TAZARA, ina stesheni hapo Makambako. Sisi makochi na kabati vilitufanya tuchague gari linalofika hadi mlangoni.

Zimebaki kilomita 60 kutoka Makambako. Unaacha barabara ya Mbeya, unakwenda kusini kupitia mashamba ya miti na viazi, na hewa inazidi kuwa nyepesi na kali. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tuliingia mjini saa tisa alasiri.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Muuguzi mwenzake mke wangu alikuwa amefika asubuhi, akafungua madirisha, akajaza maji kwenye ndoo zote alizozikuta. Umeme ulikuwepo, maana niliununua kwa simu nikiwa Mafinga. Vijana walioshusha walitaka 60,000, tukamalizana kwa 40,000. Mmoja wao alisimama mlangoni na kusoma tepe: "Nyekundu wapi?" "Chumba cha kushoto." "Njano?" "Jikoni." Kabla giza halijaingia kila furushi lilikuwa kwenye chumba chake, na sebule ilikuwa na makochi tu. Kwa nilivyoona, hicho ndicho kinachomaliza watu wanapohama: kushushiwa kila kitu sebuleni kikawa kilima kimoja, halafu wiki mbili mnaruka vitu mkitafuta kijiko.

Nilimlipa dereva nusu yake iliyobaki, nikaongeza 20,000 na kumweleza imetoka kwa mtu wa Tunduma. Alielewa. Kisha nikafunga kitanda cha mama kabla ya kingine chochote, nikitazama picha kwenye simu na kumimina bolti kutoka kwenye chupa.

Saa moja usiku mlango uligongwa. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, mtu mzima, amejifunga blanketi mabegani. "Kamwene," akasema. Nilimwamkia shikamoo kwa kuwa ndiyo salamu niliyokuwa nayo. Alileta bakuli la viazi na maharage ya moto, akaniuliza familia iko wapi. Nilipomweleza kwamba wanafuata wiki ijayo, akatikisa kichwa akikubali. "Umefanya vizuri, mwanangu. Mgeni akute moto." Kisha akaangalia huku na huku na kuniuliza kama nina jiko la mkaa. Aliniomba kwa sauti ya kusihi nisilaze jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali vipi.

Naomba na mimi nilirudie hapa kwa uzito uleule. Wageni kutoka joto hufika nyanda za juu mwezi wa sita na jambo la kwanza wanaloliwaza ni kuota moto kitandani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, humchukua mtu akiwa usingizini. Nunua blanketi, vaa soksi, chemsha maji uyatie kwenye chupa ukumbatie. Jiko liwake nje au jikoni palipo wazi, na libaki huko.

Jumapili 15 na Jumatatu 16 Juni

Jumapili nilimaliza vitanda, nikapachika mapazia, nikanunua mablanketi mazito manne ya mtumba sokoni, 22,000 kila moja. Madirisha mawili yalikuwa na vioo vilivyopasuka. Fundi alivibadilisha Jumatatu kwa 25,000. Friji niliiacha isimame usiku mzima kabla ya kuiwasha, ili mafuta ya kompresa yatulie baada ya mtikisiko wa njia. Maharage niliyobandika saa nne yaliiva saa tisa. Jirani aliniambia nisishangae, huku maji huchemka kabla hayajawa moto kama ya pwani, basi loweka maharage tangu usiku.

Jumatatu nilikwenda ofisi ya mtaa na barua yangu ya Tabata. Mwenyekiti aliniandika kwenye daftari la wakazi, akanitajia mjumbe wetu, siku ya gari la taka na siku za maji ya mgao. Robo saa ile ilinipa taarifa ambazo ningezitafuta mwezi mzima. Shule ya msingi ilikuwa imefungwa lakini mwalimu mkuu alikuwepo. Alitaka namba za Prem za watoto, yaani namba zao za usajili wa shule, akasema uhamisho wao mke wangu auanzishe kwenye shule wanayotoka kabla hajaondoka Dar. Nikampigia palepale. Kwa kuwa alikuwa bado yuko Dar, aliufuatilia kesho yake asubuhi. Faida nyingine ya kutoondoka wote siku moja.

Jumanne 17 na Jumatano 18 Juni: watu wanafuata

Haya nayaandika kama nilivyosimuliwa. Jumanne jioni walipanda treni ya umeme kutoka Dar hadi Morogoro, nauli 13,000 mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Mama hajawahi kusafiri njia ile bila kuvimba miguu. Safari hii alifika Morogoro kabla watoto hawajamaliza kubishana nani akae dirishani. Mizigo mikubwa treni haitaki, lakini wao walikuwa na begi moja kila mmoja, kila kingine kilikuwa tayari Njombe. Walilala kwa shangazi yao, wakaoga, wakala.

Asubuhi walichukua bajaji mbili hadi Msamvu na kupanda basi la Njombe walilokata tiketi mapema wakiomba kupandia hapo, 38,000 kila kiti. Mke wangu aliomba viti vya mbele ili mama anyooshe mguu. Kondakta, kijana, alipomwona bibi anapanda kwa shida alikunja jaketi lake na kumwekea chini ya goti. Alilichukua Makambako. Kitonga siku hiyo ilikuwa wazi.

Niliwapokea stendi saa moja na nusu usiku nikiwa nimebeba makoti yote mikononi. Mtoto mdogo alipumua, akauona mvuke wake, akapumua tena, akamwita dada yake aje aone. Nyumbani chai ilikuwa kwenye chupa na wali umefunikwa. Mama aliingia chumbani kwake, akakuta kitanda kimetandikwa shuka lake la maua, taa ya kuchaji mezani, dawa zake zimepangwa, na kinu kimesimama pembeni ya mlango. Aliketi, akavua viatu, akauliza kesho ibada ni saa ngapi na kanisa liko upande gani. Watoto walikuwa wamelala kabla ya saa tatu, kila mmoja kitandani kwake.

Ijumaa mke wangu aliripoti kazini. Jirani yule wa viazi amemwambia mama asubiri mvua za Novemba kabla ya kupanda chochote, na sasa wawili hao wanachambua mbegu pamoja barazani jua likitoka.

Matumizi, kwa anayepanga bajeti: gari 950,000; kupakia 50,000 na kushusha 40,000; maboksi, viroba, tepe na kamba 68,000; malazi na chakula changu njiani 75,000; treni 39,000; bajaji 10,000; basi 152,000; vioo 25,000; mablanketi 88,000. Jumla 1,497,000, ukiacha asante ya dereva na kodi ya nyumba. Tukitoa 410,000 za vitu tulivyouza, mfukoni zimetoka 1,087,000. Mtumishi wa umma anayehamishwa na mwajiri afuatilie posho ya usumbufu na gharama za mizigo kwa mwajiri wake, atunze kila risiti na yale makubaliano ya gari. Za kwetu ziko kwenye bahasha moja, na mke wangu ameziwasilisha.